Mtu Aliyekaa Juu ya Uzio

Godelive alinipigia simu nikiwa kikaoni, nikakata. Akapiga tena, nikakata tena. Mara ya tatu nikajua kuna jambo, maana Godelive ni mtu wa kupiga mara moja, akikosa jibu ananuna mwezi mzima. Nikaomba radhi, nikatoka kwenye korido. "Mwalimu Anselmi alikufa," akasema. "Juzi, kule Mwakiro. Bameshamuzika." Yeye alikuwa Bujumbura, mimi Gitega. Tulilala chumba kimoja mwaka mzima tukiwa wasichana, tukasoma Kiingereza kwa mtu huyo huyo, lakini miaka yote iliyofuata, kwenye harusi za watoto wetu na kwenye misiba ya wazazi wetu, hatukuwahi kulitaja jina lake. "Utaenda?" akaniuliza. Nikamjibu nitaona. Wanangu wananicheka kwa neno hilo. Wakiniomba ruhusa ya safari, nitaona. Wakiniuliza nimempenda mchumba waliyeniletea, nitaona. Hawajui nililianza lini.

Nilirudi kikaoni nikakaa kwenye kiti changu cha mkalimani. Ndiyo kazi yangu: wageni wanasema Kiingereza, wakubwa wetu wanasema Kirundi na Kifaransa, mimi nakaa katikati nikiwafikishia maneno. Mgeni mmoja alikuwa ameshaanza kukasirika. Akasema kwa Kiingereza kwamba ofisi yenu imekaa juu ya uzio kwa muda mrefu mno. Wote wakanigeukia, wakangoja. Ni msemo wa kawaida, nimeutafsiri mara nyingi, nao una tafsiri rahisi: mmekataa kuchagua upande. Siku hiyo sikuutafsiri mara moja. Nikaomba maji, nikanywa, ndipo nikatafsiri, na mkubwa wangu akaandika kwenye daftari lake bila kuinua kichwa. Kesho yake niliomba ruhusa ya siku tatu.

Mwaka ninaotaka kuusema ni mmoja katika miaka ya vita, ule ambao mipaka ilikuwa imefungwa kwa vikwazo na kila mtu, hata bibi asiyejua kusoma, alilijua neno ambargo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka Muyinga nikaja Gitega kwa shangazi yangu Mariamu, mshonaji wa Magarama, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba. Duka lake lilikuwa na vyerehani viwili, kimoja cha kushona na kimoja cha kutolewa vipuri. Nyuma ya duka palikuwa na chumba nilicholala na Godelive, aliyekuwa anajifunza uuguzi na kupanga kitanda kwetu, na nyuma ya chumba kulikuwa na ua, penye jiko la mafiga na uzio wa minyaa, ile mimea ambayo ukiivunja inatoa maziwa ya kuunguza macho. Sukari ilikuwa imepotea. Shangazi aliita chai yetu chai ya mgonjwa, akaitia tangawizi nyingi ili itukune koo tusahau sukari. Tulikula maharage na ndizi mchana, maharage na ugali wa muhogo jioni, na siku ndagala, dagaa wetu, zilipofika kutoka ziwani harufu yake ilituambia kabla hatujafika mlangoni. Nilikuwa na furaha mwaka ule. Naona haya kuandika hivyo, lakini ni kweli: watu walikuwa wanakufa vilimani, nami nilikuwa na furaha kwa sababu nilikuwa na rafiki, nilikuwa na shangazi asiyenipiga, na nilikuwa najifunza Kiingereza.

Kiingereza kilikuwa ndoto ya wakati ule. Ilisemekana kwamba anayekijua atapata kazi kwa wazungu wa misaada, au atavuka Tanzania aishi kama watu. Mwalimu Anselmi alikuwa Mkongomani wa upande wa Uvira, mrefu, mwembamba, Mkristo wa kusali kabla ya kila kitu hata kabla ya kufuta ubao. Kwao nako kulikuwa kunawaka, kwa hiyo alikuwa amekimbia moto akaangukia moshi. Alifundisha katika stoo ya muuza makaa. Ubao wake ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa weusi wa betri za redio, na alipokosa chaki aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, ambacho panya walikifuata usiku wakatulambia masomo. Tulikuwa wanafunzi watano: mimi, Godelive, Yusufu kinyozi, mama mmoja muuza ndagala, na karani mmoja mzee aliyetaka kujua Kiingereza kabla hajafa, ndivyo alivyosema. Hatukumlipa kwa fedha, nani alikuwa nayo? Tulimlipa kwa sahani. Kila siku zamu ya mmoja wetu kumlisha, na Shangazi ndiye aliyempakulia vizuri kuliko wote, kisha anamlalamikia mgongoni kwamba anakula kama anajenga nyumba.

Alipenda misemo. Alisema sarufi iko kwenye vitabu, ukiwa na kitabu utaipata, lakini msemo lazima upewe na mtu. Kila Jumatatu alituandikia mmoja. Jumatatu moja aliandika *sit on the fence*, kisha akachora uzio wa mbao zilizolala, na juu yake mtu mwenye kofia, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Yusufu akacheka hadi akakohoa. "Mwalimu, huyu muntu iko anakaa juu ya rugo? Hapa kwetu atatobolewa matako!" Sote tukacheka, maana rugo, uzio wetu, ni minyaa na matete, kuku mwenyewe anauogopa. Mwalimu akangoja tumalize. "Bon. Kwao Bazungu, rugo ni mbao, unaweza kukaa. Sasa muniambie, huyu muntu ni wa namna gani?" Karani akasema huyo ni ndumilakuwili. Mwalimu akakataa. "Hapana, papa. Ndumilakuwili anakula huku, anakula na kule. Huyu hali fasi yoyote. Anaangalia tu." Godelive akasema basi ni mtu ambaye hajaamua. Mwalimu akakuna kidevu kwa ule muhogo, akabaki na alama nyeupe. Akasema karibu, lakini bado. Mtu ambaye hajasikia habari zote, akingoja asikie, Mwingereza hamwiti hivyo, au akimwita anamwonea. Msemo huu ni wa kumlaumu mtu. Unautumia kwa mtu ambaye kutoka pale alipo anaona pande zote mbili vizuri kuliko sisi tulio chini, ameshajua ukweli uko wapi, ila hataki kushuka, kwa sababu akishuka atakuwa na majirani upande mmoja na maadui upande wa pili. Tukaandika hayo yote. Kisha akatuambia kila mmoja atunge sentensi. Mimi niliandika kwamba serikali za jirani zimekaa juu ya uzio, akanisifu mbele ya wote, nikatembea siku nzima kichwa juu.

Jioni nilimsimulia Shangazi huku tukichambua mchicha. Sikutegemea atakasirika. Aliacha mchicha. "Huyo Muingereza wako alishawahi kuishi Burundi?" akaniuliza. "Sisi Waswahili hapa tunakaa wapi, kama si juu ya rugo? Wa huku wakikimbia, wanakimbilia kwetu. Wa kule wakikimbia, wanakimbilia kwetu. Kwa sababu gani? Kwa sababu hatuko wa mtu. We ushuke uone." Hakuwa anajisifu. Miezi miwili kabla alikuwa ameficha familia ya upande mmoja nyuma ya magunia ya vitambaa, na wakati tunaongea alikuwa na mama na binti yake wa upande wa pili wamelala chumbani kwake, wanakula sahani moja nasi, na mimi nilikuwa nimekatazwa hata kuwataja kwa Godelive, ambaye bila shaka alijua. Shangazi hakuwauliza kabila wala jina la kilima chao. Kwa hiyo nilipopeleka maneno ya Shangazi darasani, Mwalimu alisema kitu ambacho sikukiandika kwenye daftari lakini ninacho hadi leo: "Uambie mama yetu, yeye haiko juu ya rugo. Yeye alifungua mlango wa rugo. Ni kitu ingine kabisa." Nilimpelekea Shangazi jibu hilo. Akasema Mkongomani yule ana mdomo mtamu, na kesho yake akampakulia ndizi mbili zaidi.

Kisha likaja shambulio pembeni mwa mji, na amri ikatoka watu wasikusanyike. Stoo ya makaa ikafungwa. Mtu mwingine angekaa nyumbani angoje mambo yatulie, lakini Mwalimu alisema Kiingereza kikilala wiki mbili kinakufa. Akaanza kutufuata majumbani, mmoja mmoja. Alitembea Magarama yote na mfuko wake wa kitambaa begani, anaingia kwa karani nusu saa, kwa muuza ndagala nusu saa, kwa Yusufu, kisha kwa Godelive na mimi, ambao alitufundisha kila mmoja kwa wakati wake kwa sababu zamu za hospitali za Godelive zilibadilika. Kila nyumba alipewa kitu cha kutia mdomoni, hata kama ni kikombe cha uji. Nakumbuka nilivyompenda siku zile, si kwa mapenzi ya mume na mke, nilimpenda kwa sababu alikuja. Aligonga, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda kati ya vyerehani, akaniuliza jana umesahau maneno mangapi.

Alhamisi moja, mmoja wa wenye maduka wa Magarama aliuawa dukani kwake mchana kweupe. Watu wenye bunduki waliingia saa ambayo alikuwa peke yake, wakatoka, wakapotea. Ilisemekana hapohapo kwamba lazima kuna mtu aliyewapelelezea, maana wamejuaje saa hiyo? Na kabla ya jua kutua jibu lilikuwa limepatikana: yule Mkongomani anayezunguka nyumba kwa nyumba na mfuko, anaingia, anatoka, anahesabu milango yetu. Asubuhi wanajeshi walimchukua. Yeye akawaambia alikuwa akifundisha, wawaulize wanafunzi wake, akawatajia majina matano. Nilisikia jina langu limetajwa kutoka kwa jirani aliyekuja kuchukua gauni lake, na kwa jinsi alivyolishika gauni lile haraka haraka nikaelewa kwamba nyumba yetu imeshaingia doa.

Abashingantahe ni watu wazima ambao kwetu wanaaminiwa kusikiliza mashauri, hata serikali iwe imelala. Mmoja wao, fundi wa viatu, ndiye aliyewaomba wanajeshi wampe asubuhi hiyohiyo asikilize kwanza. Wakakubali. Akaketi nyumbani kwa mkuu wa nyumba kumi, katika sebule yenye kalenda na maua ya plastiki, pamoja na mzee mwenzake, na mwanajeshi mmoja mwenye cheo akakaa pembeni akisafisha kucha kwa njiti. Tuliitwa mmoja mmoja, ili mtu asiige maneno ya mwenzake. Nje, kwenye benchi la ukutani, alikaa Mwalimu Anselmi kati ya askari wawili. Shati lake lilikuwa limechanika begani. Alitusalimia sote kwa kichwa, mmoja mmoja, kama anaita mahudhurio.

Karani aliingia, akatoka. Muuza ndagala aliingia, akatoka akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Yusufu. Godelive. Hakuna aliyesema amejibu nini, kila mmoja alipotoka alipita akaenda zake. Mimi nilikuwa wa mwisho. Wakati nangoja, mke wa mkuu wa nyumba kumi alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba akiongea na jirani, na nilisikia kila neno. "Banasema atakayesema alimupokea, naye atapanda gari, aende aeleze vizuri kule kambini." "Yoo! Hata mabinti?" "We unafikiri binti haiko na mdomo?" Kinu kikaendelea.

Nikaingia. Fundi viatu alinikaribisha kwa upole, akaniambia nisiogope, aliongea nami kwa Kiswahili ili yule mwenye cheo naye asikie moja kwa moja. "Binti, huyu mwalimu anasema jana alikuwa anafundisha. Alikuja kwenu?" Alikuja kwetu. Alikula maharage na ndizi, akaomba pilipili, hatukuwa nayo, akasema Mungu ataleta. Sahani yake niliiosha kwa mikono yangu. Alinifundisha tofauti ya maneno mawili ambayo sasa nayatumia kila siku kazini. Nikamwangalia yule mwenye cheo, yeye hakuniangalia, alikuwa kwenye kidole cha nne. Nikasema: "Anakuyaka siku zingine, mzee. Lakini ile jana… mi nilikuwa na kazi ya kushona. Pengine alikuya, pengine hapana. Sikuangalia vizuri." Fundi viatu akaniinamia. "Pengine?" Nikasema, "Ndiyo, mzee. Pengine." Macho yake sikuyaona yakikasirika, niliyaona yakichoka. Akasema asante, binti, uende.

Nimejitetea miaka mingi, kwa hiyo utetezi ninao tayari. Kwanza, sikusema uongo. Niliipanga sentensi ile ili isiwe uongo, hata pale mlangoni nilikuwa najipongeza kimoyomoyo kwa ufundi. Pili, nilijiambia wanne wameshapita kabla yangu, wameshasema, langu litaongeza nini? Tatu, na huu ndio utetezi nilioupenda zaidi, niliwaogopea wageni wa Shangazi: wanajeshi wangekuja kupekua nyumba wangewakuta yule mama na binti yake. Ningependa kuuacha huo hapa, msomaji anionee huruma. Lakini yule mama na binti yake walikuwa wameshaondoka siku tatu kabla, Shangazi mwenyewe aliwasindikiza. Chumba kilikuwa kitupu. Niliogopa kwa ajili yangu tu, basi.

Nilipotoka sikupita mbele ya benchi. Nilizunguka kwa nyuma, penye kinu. Shangazi alikuwa dukani, anashona, akaniuliza umewaambia? Nikamjibu nimewaambia. Mchana huo gari lilipita na Mwalimu akiwa ameketishwa nyuma. Shangazi alisimama mlangoni akalifuata kwa macho hadi likapotea, kisha akarudi ndani akakaa kwenye cherehani chake bila kukanyaga. "Umewaambia alikuwa hapa?" akarudia. Nikaanza kukunja vitambaa. Hakuuliza tena, wala hakunifukuza, wala hakunipiga, na nilitamani anipige. Aliacha tu kuniita mwanangu. Akawa ananiita Zena, kwa sauti ile ile nyembamba, hadi alipokufa.

Mwalimu alikaa kizuizini miezi saba. Alipotoka sikio moja lilikuwa limekufa na jingine linasikia kwa kubahatisha, na aliambiwa asionekane tena Gitega. Kwao hakurudiki. Akatembea hadi mkoa wetu wa Muyinga, akapata shamba la kulima huko Mwakiro, akaoa huko. Hayo niliyajua mapema, maana mimi ni wa Muyinga na habari zinanifuata. Nilijua pia kwamba hakufundisha tena. Utamfundishaje mtu kutamka neno usilolisikia? Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaandikwa kazi ya ukalimani kwenye shirika moja lililowapokea wakimbizi waliokuwa wakirudi. Kwenye usaili mzungu aliniuliza nimejifunzia wapi Kiingereza kizuri hivyo, misemo yote hiyo. Nikamwambia nimejisomea.

Nilimwona mara moja. Ilikuwa sokoni Muyinga, vita vikiwa vimepoa. Alikuwa amekaa nyuma ya gunia la maharage, kwenye koti kubwa kuliko yeye, na mteja mmoja alikuwa akimpigia kelele sikioni naye anainamisha kichwa akitabasamu, kama zamani alivyotungojea tutamke. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Nikaingia kati ya vitenge vilivyotundikwa kwenye kibanda, nikasimama humo, uso kwenye kitambaa kipya chenye harufu ya wanga. Muuzaji akanivumilia kidogo. "Mama, unanunua ao unajificha?" Nikanunua. Kitenge hicho sijawahi kukishona.

Mwakiro nilifika kwa pikipiki kutoka Muyinga mjini, nimefunikwa na vumbi, na mkononi mchele na sukari vya kupeleka msibani. Nyumba ilikuwa ya matofali, mbele yake migomba michache na majirani wawili wanaoaga. Mjane wake anaitwa Mama Ushindi, mwanamke mfupi, mkono wake mkavu kwa jembe. Hakunijua. Nilimwambia mimi ni Zena, nilisoma kwa marehemu Gitega. Akaniangalia kidogo, akanionyesha mkeka, akaendelea kuchambua maharage kwenye ungo, anatoa mawe. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, kwa ufundi wangu ule ule, jinsi ya kusema bila kusema. Yalinipotea. Nikalia kwanza, kilio kibaya cha mtu mzima, kisha nikamwambia yote: maharage na ndizi, pilipili, sahani, sebule, lile pengine. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemwangusha. Wenzangu walisema, mimi nikauma maneno."

Mama Ushindi aliendelea kutoa mawe. "We ni wa ine," akasema.

Wa nne? Sikumwelewa. Akaniambia kwamba karani alituma barua, kabla hajafa. Yusufu kinyozi alikuja mwenyewe, akalala hapa siku mbili, akamnyoa Mwalimu bure na watoto wote. Godelive alikuja miaka sita iliyopita, akakaa hapo hapo nilipokaa, akalia kama nilivyolia. Muuza ndagala peke yake ndiye ambaye hakuonekana. Na wote walikuja na maneno yale yale: wenzangu walisema, ni mimi ndiye niliyeuma maneno. Nilihisi kitu ambacho ni aibu kukiandika, kinafanana na nafuu. Tulikuwa wanne, pengine watano. Dhambi ikigawanywa kwa watano, fungu langu litakuwa dogo. Nadhani aliiona usoni mwangu nafuu hiyo, kwa sababu aliweka ungo chini.

"Sikia, mama," akasema. "Yule muzee wa viatu alikuwa amepatana na basoda waliomukamata. Hata mmoja tu. Mmoja akisema, ndiyo, alikuwa kwangu, wanamuachia hapo hapo. Mwalimu alikuwa anajua, muzee alimunong'oneza. Wa kwanza akatoka, hapana. Wa pili, hapana. Wa tatu, wa ine, hapana. Alafu wewe ukaingia." Akachukua ungo wake tena, akautikisa, akatafuta jiwe kwa kidole. "Aliniambia, alipoona ni wewe, aliinama akaanza kufunga kamba za viatu, arudi nyumbani."